Pingu Inayofunguka

Saa nne na dakika kumi usiku, mwezi wa pili, nilikuwa nimekaa jikoni kwetu hapa Chicago, mikono yangu imefungwa mbele ya kifua, na sikuweza kuifungua.

Nilijifunga mwenyewe. Pingu zilikuwa za ngozi nyeusi, kazi yangu ya jioni kumi na mbili, na nilitaka kujua zinakaaje mkononi kabla ya kuzikabidhi. Nikavaa ya kushoto, nikakaza bizimu. Nikavaa ya kulia, nikaikaza kwa meno. Halafu nikaziunganisha kwa kulabu ndogo ya springi, ile ya kwenye kamba za mbwa. Ikalia ka!

Nikaridhika. Zilikaa vizuri.

Kisha nikataka kuzivua. Kulabu ilikuwa imegeuka, kitufe chake kimelalia upande wa ngozi ambako kidole hakifiki. Nikavuta. Nilivyozidi kuvuta ndivyo ulimi wake ulivyozidi kuing'ang'ania pete. Nikaijaribu bizimu ya kushoto kwa meno. Ncha ya mkanda nilikuwa nimeipitisha kwenye vitanzi viwili, na vitanzi hivyo nilivikata vya kubana kwa sababu vya kubana vinapendeza kwenye picha. Ngozi ilikuwa mpya, ngumu, imetoka kupakwa nta. Haikusogea.

Mke wangu alikuwa zamu ya usiku hadi saa moja asubuhi. Binti yetu yuko chuo, jimbo jingine. Simu ilikuwa sebuleni na ningeweza kuifikia, lakini ningempigia nani, na ningeanzia wapi kumweleza?

Ilinichukua karibu nusu saa. Mwishowe niliinasa ncha ya mkanda kwenye droo ya vijiko, nikaisukuma droo kwa goti mpaka ikabana, nikajivuta nyuma kwa mwili wote hadi mkanda ukachomoka kwenye kitanzi cha kwanza, halafu cha pili. Nilipotoka nikaziweka mezani, nikakaa sakafuni.

Kidole gumba cha kulia kilikuwa na ganzi. Ganzi ile ilikaa siku tisa.

Imekwisha sasa. Kilichobaki ni swali lililonijia pale sakafuni, na hii ni wiki ya saba halijaniacha.

## Walioagiza

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba natengeneza mikanda, pochi na mikoba kwenye meza ya jikoni, na wakati wa kiangazi nauza kwenye soko la Jumamosi. Mwaka jana, mwezi wa kumi, wateja wangu wawili wa mikanda walirudi, mume na mke wa makamo. Mke ndiye aliyezungumza. Walitaka jozi ya pingu za ngozi za mikono, za chumbani kwao. Alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuulizia mkanda wa mumewe. Walishawahi kununua za dukani. Bitana ikawachubua na pete moja ikakatika.

"Wewe unashona kwa mkono," akaniambia. "Ndiyo maana tumekuja kwako."

Nikawaambia nitafikiria. Nilifikiria wiki tatu.

Mimi ni mtoto wa usharika. Nimelelewa Njombe, kwa Walutheri, mahali ambapo mambo ya chumbani hayasemwi mpaka mtu awe mgonjwa. Nilijua kwamba duniani wapo watu wazima wanaofungana kwa hiari yao, kama ninavyojua kwamba wapo wanaopanda milima ya barafu. Halikuwa jambo langu. Lakini kujua kwamba jambo lipo ni kitu kimoja, kukaa usiku unalishonea ni kitu kingine.

Mwishowe nilikubali kwa sababu mbili, na zote mbili zilikuwa dhaifu: dola 180, na ile sifa ya mshono wangu. Sikujiuliza zaidi. Nikaingia kazini kama anayeshona mkanda mpana wa kiunoni, tofauti ikiwa vipimo tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Yale ya jikoni yalianzia hapo, wiki nyingi kabla ya usiku ule.

## Magome

Ngozi niliyoichagua ilikuwa ya ng'ombe, unene wa milimita tatu na nusu, iliyosindikwa kwa magome ya miti. Huku wanapima unene wa ngozi kwa aunsi. Aunsi moja ni kama milimita 0.4, na hiyo yangu wanaiita ya tisa. Ngozi iliyosindikwa kwa dawa ya kromi inaweza kuwa tayari kwa siku moja au mbili, nayo ni laini tangu mwanzo. Ya magome inataka wiki, wakati mwingine miezi, na inatoka ngumu. Lakini ukiilowesha na kuikunja, ikikauka inabaki na umbo ulilolipa. Nilitaka ilale kwenye kifundo cha mkono kama gamba.

Kwenye karatasi ya muuzaji, chini ya maelezo ya usindikaji, kulikuwa na neno mimosa.

Mimosa ni miwati yetu.

Aliyekulia Njombe hahitaji kuelezwa miwati ni nini. Mti ulitoka Australia, na Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, TANWAT, ilianzishwa kwetu mwaka 1949. Ukipita barabarani unaona mistari ya miti isiyoisha, na ukungu juu yake. Nilipokuwa mdogo niliona magome yakimenywa kwa mapande marefu, yakifungwa mizigo, yakibebwa kwenda kiwandani kuchemshwa. Mjomba wangu alikuwa na kashamba kake pembeni mwa kijiji, akiuza magome, kuni na mkaa. Ukishika magome mabichi siku nzima, viganja vinageuka rangi ya chai iliyochacha, na hata sabuni ya mche haiiondoi. Nilijua magome yanaleta fedha ya ada. Sikuwahi kuuliza yanakwenda kufanya nini.

Yanakwenda kuzuia ngozi isioze. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Maji ya magome yanaingia katikati ya nyuzi za ngozi mbichi, yanashikamana nazo, na kitu ambacho kingenuka kwa siku tatu kinaishi miaka mia.

Na Chicago ni mji wa ngozi. Machinjio makubwa ya Union Stock Yards yalifunguliwa mwaka 1865, yakafungwa 1971, na pale palipo na machinjio viwanda vya ngozi havikosi. Karibu vyote vimekwisha. Horween, kilichoanzishwa mwaka 1905, bado kipo kando ya barabara ya Elston, na ngozi yake ndiyo inayotengeneza mipira ya ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Vipande vyangu vingi vya pochi vinatoka kwao.

Kwa hiyo nilianza kazi ile na furaha ya ajabu: mtoto wa Njombe, jikoni Chicago, ananusa magome ya miwati. Nilishona kwa sindano mbili na uzi mmoja, mshono wa watengeneza matandiko ya farasi. Kila tundu linapitwa na sindano mara mbili, moja kutoka kila upande. Uzi ukikatika mahali pamoja, wa upande wa pili bado unashika. Mshono wa cherehani ukikatika, unaanza kufumuka wote. Nilitoboa kwa msharasi, tundu kila baada ya milimita nne, nikasugua kingo kwa kitambaa na nta mpaka zikang'aa kama pembe.

Mshono ulikuwa mzuri. Nasema hivyo hadi leo.

Nilifikiria kila namna ambavyo pingu ile ingeweza kukatika. Sikufikiria hata mara moja itafunguliwaje.

## Shimo la Mkunazini

Pale sakafuni, nikikisugua kidole kisichohisi, picha iliyonijia ilikuwa ya Unguja.

Nilikwenda Mkunazini mwaka 2009, miezi michache kabla ya kuondoka nchini. Kanisa Kuu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Nje ya kanisa kuna shimo, na ndani ya shimo wamesimama watu watano wa zege, shingoni wana makongwa ya chuma yaliyounganishwa kwa mnyororo. Mchongaji ni Clara Sörnäs kutoka Sweden, aliyeifanya kazi hiyo mwaka 1998. Watu wale ni wa zege, lakini mnyororo ni wa kweli, wa enzi zile.

Mwongozaji wetu aliposema hivyo, kundi zima lilinyamaza. Mimi niliangalia nyuso. Watu wote huangalia nyuso.

Miaka yote hii baadaye, nimekaa kwenye vigae vya jikoni, nikaanza kuyafikiria yale makongwa kama fundi anavyokifikiria kifaa. Kuna mtu alichoma chuma kile. Alikipima. Alipiga nyundo, akaangalia kama duara limekaa sawa, huenda akajisifu kwamba limetoka zuri. Mnyororo ule ulitengenezwa na fundi.

Je, aliwahi kujivika shingoni mwake, hata mara moja, kabla ya kuuza?

Hilo ndilo swali.

Siwezi kulijibu kwa niaba yake. Lakini ninajua chuma kile kilitengenezwa kwa ajili ya nani: kwa ajili ya anayefunga. Kila uamuzi uliomo ndani yake, unene wake, kufuli lake, uzito wake, ulifanywa kwa kumfikiria huyo mmoja. Aliyevikwa hakuulizwa hata ukubwa wa shingo yake.

Na mimi? Nilimuuliza mteja rangi. Nilimuuliza upana. Nilichukua vipimo vya kifundo cha mkono wake kwa utepe, nikaandika. Kisha nikatengeneza kifaa cha kupendeza machoni mwa anayefunga, chenye vitanzi vya kubana kwa ajili ya picha, ambacho mwenye mikono ndani yake hawezi kukitoka.

Usiku ule sikulala. Niliamua kurudisha fedha.

## Mama Neema

Mke wangu aliingia saa moja na nusu, akanikuta nimekaa na chai iliyopoa. Pingu zilikuwa bado mezani. Alikuwa anajua kuhusu oda ile tangu mwanzo, na hakuwahi kusema neno.

"Umefanyaje kidole?"

Nikamweleza. Akanishika mkono, akaupeleka dirishani, akanigusa kwa ncha ya kalamu: hapa unasikia? Na hapa? Ganzi ilikuwa nyuma ya kidole gumba na kipande cha mgongo wa kiganja. Akasema kuna mshipa wa fahamu unaopita hapo, upande wa kidole gumba, karibu kabisa na ngozi, hauna nyama ya kuukinga. Watu waliofungwa pingu za polisi kwa kubanwa hupata ganzi hiyo hiyo, na inaweza kukaa wiki au miezi.

"Ukingo wako ni mkali," akasema, akipitisha kidole kwenye pingu. "Na umeweka bizimu juu ya mshipa."

Mama Neema anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilipomwambia nataka kurudisha fedha kwa sababu kutengeneza vitu vya kumfungia binadamu ni dhambi ya zamani, alivua viatu vyake taratibu, akakaa.

"Baba Neema, sisi kazini tunazo habari za kufunga watu. Zamani huku mzee akisumbua alikuwa anafungwa mkanda kwenye kiti, siku nzima. Siku hizi hairuhusiwi. Kuna sheria ya mwaka 1987. Huwezi kumfunga mzee kwa sababu wewe umechoka. Unajua tunachofundishwa? Kitu cha kwanza wanachotuuliza si mkanda wa aina gani. Wanauliza: anaweza kuutoa mwenyewe? Kama anaweza kuutoa, huo ni mkanda wa kiti tu. Kama hawezi, umemfunga."

Akanywa chai yangu ile iliyopoa.

"Hawa wateja wako wanaongea. Wamekaa chini mtu na mumewe, wakakubaliana, wakatoka nyumbani pamoja kuja kuagiza. Mzee wa kwenye kiti hakuulizwa na mtu. Wewe unawaweka kwenye kapu moja?"

Sikujibu.

"Na shanga zangu," akasema, "nani alizitunga?"

Mke wangu ni wa Muheza. Wenye kujua Tanga wanajua. Kabla hajaolewa, bibi zake walimweka ndani, somo wake akamfundisha, na miongoni mwa alivyotoka navyo ni shanga za kiunoni. Sitaandika zaidi ya hapo. Ameniruhusu kufika hapo tu. Alichotaka kusema ni kwamba kulikuwa na mwanamke Muheza, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyekaa kibarazani akazitunga zile shanga moja moja huku akijua vizuri kabisa zinakwenda kufanya kazi gani. Alichagua uzi usiokatika, na shanga zisizochubua. Aliulizwa bei, akalipwa. Jumapili alikwenda kanisani.

"Hakuona haya," mke wangu akasema. "Angeona haya kama zingemchubua mtu."

Halafu akaenda kuoga.

## Neno tunalolitumia

Nilibaki na neno pingu kinywani siku nzima.

Kila wiki kwenye magazeti ya nyumbani tunasoma kwamba fulani na fulani wamefunga pingu za maisha. Kwenye kadi ya harusi yetu mimi na Mama Neema imeandikwa hivyo, kwa maandishi ya dhahabu: wanatarajia kufunga pingu za maisha. Mshereheshaji alilirudia mara nne ukumbini na watu wakapiga vigelegele. Tumelizoea kiasi kwamba hatulisikii tena. Lugha yetu ilichukua kifaa cha jela na cha utumwa ikakiweka katikati ya furaha kubwa kuliko zote, na hakuna bibi aliyelalamika.

Nilijaribu kukumbuka siku ile ya harusi, ni lini hasa nilijisikia nimefungwa. Ilikuwa pale mchungaji alipouliza, nasi tukajibu. Tuliulizwa kwanza. Mmoja mmoja, kwa sauti, mbele ya watu. Na angekataa mmoja, shughuli yote ingesimama, pilau na kila kitu.

Sisemi kwamba ndoa na michezo ya chumbani ya watu wale ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba masikio yangu yalifunguka kidogo.

## Barabara ya Greenview

Kuna makumbusho ya ngozi Chicago, kaskazini, mtaa wa Rogers Park, barabara ya Greenview. Leather Archives & Museum. Hawaruhusu mtu chini ya miaka 18. Nilikuwa nimepita karibu na jengo lile mara nyingi nikidhani ni habari za buti na matandiko. Jumamosi iliyofuata nilikwenda.

Yalianzishwa na wanaume wawili, Chuck Renslow na Tony DeBlase, mwaka 1991, kuhifadhi vitu na kumbukumbu za watu wanaoishi maisha haya ya ngozi na ya kufungana kwa hiari: fulana, buti, barua, picha, vifaa. Angalia mwaka. Ilikuwa miaka ambayo UKIMWI ulikuwa unawamaliza watu wale, na dawa za kuwaokoa zilikuwa bado. Mtu anakufa, ndugu wanakuja kusafisha chumba, wanakuta sanduku, wanaona haya, wanatupa.

Mimi natoka Njombe. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017, mkoa wetu ulikuwa na kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote ya Tanzania, asilimia 11.4 ya watu wazima. Sihitaji kuelezwa habari ya kusafisha chumba cha marehemu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tulipochoma vitu vya mjomba mkubwa nyuma ya nyumba, godoro, mashati, kitabu chake cha nyimbo, na watu wazima hawakusema amekufa kwa nini. Kila kilichomhusu kilionekana kimeshika aibu yake. Hakuna tulichobaki nacho, hata mkanda.

Kwa hiyo nilisimama mle ndani kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Sikukubaliana na kila nilichokiona, na vingine niliviepuka macho. Lakini nilitambua kazi ya mikono. Nilitambua mtu aliyesugua kingo mpaka zikang'aa. Watu hawa waliamua kwamba vitu vya wafu wao havitachomwa, na uamuzi ule uliniuma, kwa sababu sisi hatukuufanya.

Shirika la Afya Duniani lilishaiondoa michezo hii ya hiari kwenye orodha yake ya magonjwa ya akili, katika toleo lililopitishwa mwaka 2019. Nililisoma hilo baadaye, likanisaidia kidogo. Sanduku lile la kufikirika, linalotupwa na ndugu, ndilo lililonisaidia zaidi.

Nikarudi nyumbani, nikazikata zile pingu za kwanza kwa mkasi wa kazini wa Mama Neema, ule wenye ncha butu wa kukatia nguo za mgonjwa. Nilitaka kuona kama mkasi ule unaweza. Mkanda wa upande mmoja ulichukua sekunde kama kumi, kwa nguvu. Sekunde kumi ni nyingi.

## Jozi ya pili

Hapa nitakaa kidogo, kwa ajili ya wale wenye sindano mezani.

Nilianza upya kutoka kwenye kufungua.

Kitanzi cha pili nikakiondoa. Kilichobaki nikakipanua, mkanda upite bila kusuguana. Ncha ya mkanda nikaiacha ndefu, sentimita nane zaidi ya bizimu, na mwisho wake nikaukunja kidogo juu, meno au vidole vipate pa kushika. Matundu nikayatoboa makubwa kwa namba moja kuliko yale ya mkanda wa suruali, na pembeni mwa kila tundu nikalainisha, ulimi wa bizimu utoke kwa mvuto mmoja. Bizimu nikaihamisha juu ya mgongo wa mkono, mbali na ule mshipa wa kidole gumba.

Mkanda wenyewe nikaupunguza unene mahali pamoja, kati ya pete na bizimu, ili mkasi upite. Nilipokata cha majaribio kilichukua sekunde mbili. Mtu mwingine ataniambia nimeidhoofisha kazi. Ndiyo, nimeidhoofisha, pale pale nilipotaka.

Upana wa pingu nikaufanya sentimita sita na nusu, uzito usambae. Bitana nikaweka ngozi laini ya paa wa huku, nikaipitisha juu ya kingo zote mbili na kuishona nje, hivyo kinachogusa mwili ni mkunjo mnene badala ya ukingo uliokatwa. Ribiti zote zimefunikwa na bitana. Kabla ya kushona bitana nilichukua kitambaa cheupe chenye maji ya chumvi nikasugua rangi nyeusi mara hamsini. Mara ya kwanza kitambaa kilitoka kijivu, nikaosha, nikapaka tena mafuta, mpaka kikatoka cheupe. Jasho la mtu lisiondoke na rangi yangu.

Pete nimetumia za chuma cha pua zilizochomelewa. Zile za bei rahisi zimesubuliwa kwa zinki na hukatika ghafla zikivutwa kwa kishindo. Nadhani ndiyo iliyowakatikia wateja wangu. Zilizopakwa nikeli nazo huwawasha watu wengi ngozi.

Kulabu ya mbwa nikaiacha kabisa. Wafuga farasi wana kulabu nyingine, yenye bomba dogo la kuvutwa, inayofunguka hata mzigo ukiwa unaivuta, kwa sababu farasi akishtuka amefungwa anaweza kujivunja shingo. Niliipata kwenye duka la vifaa vya farasi.

Kisha nikajivika. Mchana, Mama Neema akiwa amekaa mbele yangu na mkasi mapajani. Kulabu: sekunde moja. Bizimu ya kushoto kwa mkono wa kulia: sekunde tatu. Nikarudia nimefumba macho. Nikarudia nimelowesha mikono. Nikarudia vidole vikiwa vimekaa kwenye maji ya barafu dakika mbili, kwa sababu mtu mwenye ganzi hana vidole vyake vya kawaida. Hapo ya kulia ilinishinda mara mbili. Nikatoboa upya, nikarudia.

Mara kumi na tisa.

Mkono ukiwa ndani lazima kidole kimoja kipite kati ya ngozi na mwili. Hazifai kumning'inizia mtu, wala hazifai shingoni, na yeyote anayefungwa asiachwe peke yake hata dakika ya kwenda kuzima jiko. Hayo niliyaandika kwenye kikadi kwa mkono, nikakitia ndani ya mfuko pamoja na mkasi wenye ncha butu. Mkasi uko ndani ya bei.

## Kukabidhi

Walikuja wote wawili, jioni, wiki iliyopita. Niliwaeleza kwa nini nimechelewa miezi miwili. Niliwaeleza habari ya jikoni yote, na droo, na kidole. Sikuwaeleza Mkunazini, hilo nimelileta kwenu.

Mke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua pingu moja, akaivaa mkono wa kushoto, akaikaza, akafumba macho, akaifungua. Akaivaa tena, akaifungua. Mumewe alikuwa anamwangalia usoni, haangalii pingu kabisa.

"Za dukani," akasema bado amefumba macho, "sikuwahi kuzifungua mimi mwenyewe."

Akampa mumewe naye ajaribu.

Juzi mjomba wangu alipiga simu kutoka Njombe, yule wa miwati. Mzee sasa, magome hayamenyi tena, amewaachia vijana. Akauliza kama kawaida yake, mwanangu, huko bado unashona mikanda? Nikamwambia bado, mjomba. Nikamwambia ngozi yenyewe imepikwa kwa magome kama yale yetu, akacheka kwa furaha, akaita watu wa nyumbani waje wasikie. Sikuendelea zaidi ya hapo. Nimekuwa nikijiuliza kama kule kunyamaza kwangu ni heshima au ni ule moto wa nyuma ya nyumba.

Na jana ameniandikia mtu mwingine, mwanamke, ameelekezwa na wale wawili. Hakuuliza bei, wala rangi. Aliuliza kama zinaweza kufunguliwa kwa mkono mmoja.

Nikamwandikia: Mkono upi ndio wenye nguvu, wa kushoto au wa kulia?